Bunge lililozika joto chini ya ardhi

Kila aliyewahi kuandika programu anaijua hali hii. Unaingia kazi mpya, unakabidhiwa programu iliyoandikwa miaka kumi iliyopita na mtu aliyekwisha kuhama, na ndani yake unakuta kipande ambacho huelewi kinafanya nini. Hakina maelezo, kinaonekana kama takataka tu. Je, utakifuta? Mimi nilikifuta, Ijumaa saa kumi jioni. Jumatatu nilikuwa mbele ya wakubwa nikieleza kwa nini risiti za wateja zinatoka na tarehe za mwaka 1970. (Wanaoelewa wataelewa.)

Nilikumbuka kisa hicho nilipokuwa nikisoma historia ya jengo ambalo halihusiani na tarakilishi hata kidogo. Ni jengo la Reichstag mjini Berlin, ambamo Bunge la Ujerumani hukutana. Wengi wetu tunalijua kutoka vitabu vya historia vya sekondari: moto wa mwaka 1933, na ile picha ya askari wa Kisovieti akisimamisha bendera juu ya paa mwaka 1945. Mimi lakini kilichonivutia ni boila. Ndiyo, boila. Ukifuata jinsi jengo hili lilivyopashwa joto na kupozwa kwa zaidi ya miaka 100, utaona watu wakijenga kitu cha maana, wengine wakakifunika bila kujali kilikuwa cha nini, halafu wengine tena wakaja kukifukua na kukiongezea.

Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 9 Juni 1884 na Kaisari Wilhelm wa Kwanza. (Novemba mwaka huo huo, katika mji huo huo, ulianza ule mkutano wa kugawana Afrika. Haukufanyika katika jengo hili, kwani lilikuwa bado shimo la msingi; ulifanyika kwenye makao ya Bismarck. Lakini miaka iliyofuata, pesa za kuendeshea koloni la Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki zilijadiliwa na kupitishwa na wabunge wa Reichstag. Kwa hiyo si jengo la mbali nasi kama tunavyodhani.) Ujenzi ulichukua miaka 10, ukakamilika Desemba 1894. Msanifu wake aliitwa Paul Wallot.

Hebu fikiria kazi aliyokuwa nayo Wallot. Berlin wakati wa baridi maji huganda nje, na wakati wa joto hewa inaweza kufika nyuzi 30 na zaidi. Katikati ya jengo anatakiwa aweke ukumbi mmoja wa wabunge 397. Mtu mzima aliyeketi kimya hutoa joto la takriban wati 100, sawa na zile balbu za zamani za kuchoma vidole. Zidisha: 397 mara 100 ni karibu kilowati 40, na hapo hujahesabu wageni, makarani, wala wabunge waliosimama wakifoka. Ukiwafungia watu hao katika ukumbi usiopumua, hata kama nje kuna theluji, baada ya saa mbili watakuwa wanajipepea kwa karatasi za hoja.

Wallot na mafundi wake walilijibu swali hili kwa ustadi ambao hata leo unashangaza. Jengo lilikuwa na umeme wake, simu, vyoo vya maji, madirisha ya vioo viwili ili joto lisitoroke, mfumo wa kupasha joto wenye vipimajoto, na feni za umeme za kusukuma hewa. Haya yote mwaka 1894! Kuta zilikuwa nene za mawe na matofali, za aina ambayo huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza (waliolala katika nyumba za kale za mawe kule Lamu wanajua ninachosema). Na ndani ya kuta hizo na chini ya sakafu Wallot aliacha njia za hewa. Hewa mpya iliingia, ikapita ndani ya mwili wa jengo, ikafika ukumbini. Juu ya ukumbi akaweka kuba la chuma na kioo lililoleta mwanga wa jua.

Boila hakuiweka ndani. Moto, moshi na masizi ya makaa ya mawe si vitu vya kuweka chini ya bunge, kwa hiyo nyumba ya mitambo ilijengwa kando, ng'ambo ya barabara, karibu na mto Spree. Mabomba ya mvuke yalifika kwenye jengo kupitia handaki. Ni uamuzi mzuri wa kifundi, ule ule tunaoufanya tunapoondoa seva kwenye chumba cha wafanyakazi na kuipeleka chumba cha nyuma. Hakuna aliyetarajia kwamba handaki la mabomba lingeingia katika siasa za dunia.

Liliingia usiku wa tarehe 27 Februari 1933. Ukumbi wa bunge uliteketea. Ndani ya jengo alikamatwa kijana Mholanzi, Marinus van der Lubbe. Hitler alikuwa amekaa madarakani mwezi mmoja tu, na kesho yake haki za msingi za raia zilisimamishwa kwa amri ya dharura. Sasa angalia hapa: lile handaki liliunganisha jengo la bunge na nyumba ya boila, na pia na makao rasmi ya Spika wa Reichstag, ambaye wakati huo alikuwa Hermann Göring. Wapinzani wa Wanazi waliokimbilia Paris walichapisha kitabu mwaka huo huo wakidai kwamba wachomaji halisi walipita humo, kwenye handaki la mabomba ya joto. Kesi iliposikilizwa, mshtakiwa mmoja, Mbulgaria Georgi Dimitrov, alimbana Göring kwa maswali mahakamani mpaka akapandwa na hasira. Dimitrov aliachiliwa. Van der Lubbe alikatwa kichwa Januari 1934. Wanahistoria wamebishana kwa miongo mingi kama alifanya peke yake, na mimi si mwanahistoria wa kuamua. Kipande cha handaki hilo kilihifadhiwa, na kikaonyeshwa kwenye njia ya chini ya ardhi inayounganisha majengo ya bunge.

Vita vilimaliza kilichobaki. Mwaka 1945 jengo lilipigwa mizinga, na mabaki ya kuba yakabomolewa mwaka 1954 kwa sababu yalikuwa hatari. Halafu mwaka 1961 ukuta wa Berlin ukajengwa karibu kabisa na mgongo wa jengo. Wajerumani Magharibi walitaka kulirejesha, na kazi akapewa msanifu Paul Baumgarten.

Hapa ndipo kosa langu la Ijumaa jioni lilipofanyika, ila kwa kiwango cha mawe na zege. Baumgarten alikuwa mtu wa usasa. Mapambo ya Wallot hayakumpendeza, wala hayakuwapendeza waliomwajiri. Kuta za zamani zilifunikwa kwa mbao bapa za kisasa, sakafu mpya zikaongezwa, kuba halikurudishwa. Njia za hewa zilizokuwa ndani ya kuta zilibaki nyuma ya huo urembo mpya bila kazi. Badala yake ikawekwa mitambo ya kisasa iliyotegemea mafuta. Kwa nini uhangaike na upepo na unene wa kuta wakati mafuta ni bei ya maji? Kazi ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Oktoba 1973 bei ya mafuta ikaruka duniani kote. Wazee wetu hapa Kenya wanaikumbuka hiyo. Kwa hesabu iliyotolewa baadaye na ofisi ya Norman Foster, mitambo hiyo ya miaka ya 1960 ilitoa tani 7,000 za kaboni dioksidi kila mwaka. Na hilo, msomaji, ni jengo ambalo wakati huo halikuwa hata na bunge la kudumu ndani yake! Bunge lilikuwa Bonn.

Sitaki kumwonea Baumgarten. Kila kizazi hufanya kazi kwa bei za kizazi chake, na mimi mwenyewe nimeandika programu zinazokula kumbukumbu kwa sababu ramu ilikuwa rahisi. Lakini tofauti ipo kati ya kutotumia kitu na kutojua kwamba kipo.

Ukuta ukaanguka mwaka 1989, Ujerumani ikaungana, na tarehe 20 Juni 1991 wabunge wakapiga kura kuhamia Berlin: 338 dhidi ya 320. Mashindano ya usanifu yakafanywa, na kazi hatimaye ikamwangukia Mwingereza, Norman Foster. Mpango wake wa kwanza ulikuwa wa kufunika jengo zima kwa paa kubwa sana linalosimama juu ya nguzo. Pesa hazikutosha. Akaambiwa apunguze. Ujenzi wenyewe ulianza mwaka 1995.

Mafundi wake walipobandua mbao za Baumgarten walikuta mawe ya Wallot, risasi za vita, na maandishi ya askari wa Kisovieti ukutani kwa herufi za Kirusi (yaliachwa, na ni vizuri yaliachwa). Walikuta pia zile njia za hewa. Walizisoma, wakaelewa zilikuwa za nini, wakazirudisha kazini. Hewa mpya ikawa inaingia juu ya lango la magharibi, inashuka hadi kwenye nafasi kubwa chini ya sakafu ya ukumbi, kisha inapenya taratibu kupitia sakafu yenyewe, yenye vitundu na zulia linalopitisha hewa. Haipulizwi kwa nguvu. Inatandaa miguuni kama maji, na inapogusa miili yenye joto inapanda yenyewe. Mtu anapumua hewa safi iliyotoka chini yake, na hewa chafu yenye joto inakwenda juu. Kiyoyozi cha kawaida hufanya kinyume: hupuliza baridi kutoka juu, ikapambana na joto linalopanda, na wewe unalipia ugomvi wao.

Joto likifika juu linakutana na koni. Ni kitu kikubwa kama faneli kinachoning'inia katikati ya kuba jipya, chenye vioo 360 vya kuakisi. Kwa nje kinashusha mwanga wa mchana hadi ukumbini, ili taa zisiwake saa sita mchana. Kinga ya jua ndani ya kuba huzunguka kufuata jua, ikisukumwa na umeme wa paneli za sola, ili mwanga uingie bila ule ukali. Kwa ndani koni ni dohani: inavuta hewa moto kutoka ukumbini, na kabla hewa hiyo haijatoka nje inapitishwa kwenye mtambo unaochukua joto lake ili litumike tena. Yaani hewa moto ya waheshimiwa haipotei bure. Sisi tunayo mengi, hatujaanza kuvuna.

Sasa tuje kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kache. Kwa wasio wa fani: kache ni mahali pa kuweka kitu ulichokwisha kukipata kwa gharama, ili ukikihitaji tena usilipe mara ya pili. Kivinjari chako kinaweka picha za tovuti uliyotembelea jana. Reichstag iliweka msimu.

Ilikuwa hivi. Mtambo wa jengo ulikuwa jenereta zinazochoma mafuta na kutoa umeme. Jenereta ya dizeli hugeuza chini ya nusu ya nishati ya mafuta kuwa umeme. Iliyobaki inakuwa joto, na kwa jenereta zetu za Industrial Area joto hilo huenda hewani. Berlin walilikamata. Wakati wa baridi linapasha vyumba, hakuna shida. Lakini Julai? Bunge linahitaji umeme ila halihitaji joto. Sehemu moja ya joto hilo iliendesha mitambo ya kupoza inayotumia joto badala ya umeme. Usione ajabu: zile friji za mafuta ya taa zilizotunza chanjo katika zahanati zetu za mashambani zilifanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, moto chini, baridi juu. Joto lililozidi lilipelekwa ardhini. Maji yalivutwa kutoka tabaka lililo takriban mita 300 chini, yakapashwa hadi kufikia nyuzi 70 hivi, yakarudishwa huko huko. Miezi sita baadaye, theluji ikianza, yanavutwa tena, na joto lake linakwenda kwenye vyumba.

Ya baridi nayo ilikuwa na kache yake. Kisima kingine cha takriban mita 60 kilipokea ubaridi wa Januari: maji yanapandishwa, yanapozwa na hewa ya nje ambayo ni ya bure kabisa, yanarudishwa. Ikifika Julai maji hayo ya baridi yanapanda kupoza vyumba. Joto chini kabisa, baridi juu yake, na katikati tabaka nene la udongo mfinyanzi. Maji ya kule mita 300 ni ya chumvi, hayanywewi. Hapo unaona mantiki, maana Berlin hunywa maji ya chini ya ardhi, na huwezi kuanza kuchemsha kisima cha jirani.

Inafaa kweli? Tupige hesabu kidogo. Mita moja ya ujazo ya maji (mapipa 5 ya lita 200) ikipoa kwa nyuzi 30 hutoa takriban kilowati-saa 35 za joto. Nyumba nyingi Nairobi hazitumii umeme wa kiasi hicho kwa wiki. Na pale chini hakuna mapipa ya kununua wala tangi la kujenga. Kuna mchanga uliojaa maji, tayari, kwa ukubwa unaoutaka. Si kwamba lote hurudi. Sehemu huvuja kwenda mchangani, kama kache yoyote ile inavyopoteza vitu. Lakini kilichorudi ni kile ambacho bila hivyo kingetupwa.

Bunge lilianza kukutana humo Aprili 1999. Ofisi ya Foster ilikadiria kwamba zile tani 7,000 kwa mwaka zingeshuka hadi 440, punguzo la asilimia 94. Nambari hiyo imenakiliwa kila mahali, na ningependa tuitazame kwa jicho la mkaguzi. Sehemu kubwa yake inatokana na mafuta yenyewe. Jenereta ziliundwa zitumie mafuta ya mbegu za kanola (mmea ambao ni wa ukoo mmoja na sukuma wiki, kama hukujua). Ukichoma mafuta ya mmea unahesabu kwamba kaboni inayotoka ndiyo ile mmea ulioivuta ulipokuwa ukikua. Kimahesabu ni sawa. Shambani si rahisi hivyo: kuna mbolea, trekta, na ardhi ambayo ingelimwa chakula. Sisi Wakenya tulipata somo letu na jatropha. Miaka ya 2000 wakulima waliambiwa ni dhahabu ya kijani, wakapanda, na mwaka 2009 utafiti uliofanywa humu nchini ukashauri kwamba kwa mkulima mdogo haifai kuhimizwa isipokuwa kama ua wa shamba. Kwa hiyo mtu akinitajia asilimia 94, mimi huuliza ni ngapi zimetoka kwenye mafuta na ngapi zimetoka kwenye jengo. Za jengo, yaani kuta nene, njia za hewa, koni na visima, ndizo ninazoziheshimu, maana hazitegemei shamba la mtu.

Na sisi? Visima vya misimu havitufai sana Nairobi, kwa kuwa hatuna Januari ya theluji ya kuweka akiba. Msimu wetu ni wa saa 24: mchana jua kali, usiku sweta. Kache ya kwetu ni ya usiku mmoja, na ukuta mnene unatosha, pamoja na mahali pa hewa kutokea juu. Inawezekana, maana imefanyika: ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri zilizofunguliwa mwaka 2011 zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi 1,200 bila kiyoyozi maofisini, hewa moto ikipandia kwenye ua wa katikati, na paneli za sola mita za mraba 6,000 juu ya paa. Niliwahi kufanya kazi kwenye jengo jingine mjini, la vioo pande zote na madirisha yasiyofunguka. Saa nane mchana tulizima taa na baadhi ya kompyuta ili kupunguza joto, huku kiyoyozi kikinguruma na nje, ng'ambo ya kioo, upepo mzuri ukitikisa miti.

Jambo la mwisho kuhusu lile kuba. Foster hakulitaka. Wanasiasa, hasa wa upande wa kihafidhina, ndio walioshikilia kwamba jengo lirudishiwe kuba kama zamani, naye akakataa mwanzoni kwa sababu aliliona ni pambo la kurudia historia. Aliposhindwa ubishi huo, akalipa kazi. Leo unapanda ndani yake kwa njia ya mzunguko, wabunge wakiwa chini ya miguu yako, na ukifika kileleni unakuta pako wazi na upepo unakupiga usoni. Hewa inayotokea pale katikati ni ile iliyoingilia juu ya lango la magharibi. Imepita chini ya sakafu, ikapanda taratibu kando ya viti, ikasikiliza hotuba zote, ikaacha joto lake kwenye mtambo, na sasa inatoka.